CT scan na MRI katika hospitali za umma Tanzania: kutoka barua ya rufaa hadi ripoti mkononi

Kipimo chenyewe hakikawii. CT scan ya kichwa isiyo na dawa ya kontrasti (dawa ya mshipani inayofanya picha ionekane vizuri) huisha ndani ya dakika 5, na MRI ya mgongo huchukua nusu saa, ikizidi sana dakika 45. Kinachomaliza wiki ni fomu iliyojazwa nusu, kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) ambayo hakuna aliyeipima, kadi ya bima iliyogundulika dirishani kuwa haiko hai, na safari ya Dar es Salaam kwa kipimo ambacho kingefanyika mkoani. Mwongozo huu ni wa mgonjwa, na zaidi ni wa ndugu anayemsindikiza, maana ndiye anayeshika bahasha na ndiye anayezungushwa. Tunafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya afya na mfuko wake wa afya, ila maandalizi ya mwili ni yaleyale kokote.

Kwanza ujue unatafuta kipimo gani

Watu wengi huamini MRI ni CT iliyoongezewa ubora. Siyo. CT ni eksirei inayozunguka mwili na kupiga picha za vipande vyembamba. Huona haraka damu mbichi kichwani, mfupa uliovunjika, mapafu, mawe ya figo na tumbo la dharura. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi, na nguvu yake ni uti wa mgongo, neva, ubongo wa mwenye kifafa, kano za goti na tezi dume. Aliyeanguka na bodaboda na kupoteza fahamu anahitaji CT. Kumsubirisha apate MRI ni kumpotezea muda ambao hana.

Kuna matatizo ambayo hayahitaji mashine hizi kabisa mwanzoni. Mawe ya nyongo, uvimbe kwenye kizazi, maji tumboni na figo zilizovimba huonekana kwa ultrasaundi, na ultrasaundi ipo hadi kwenye vituo vya afya vingi. Maumivu ya kiuno ya chini ya wiki 6, kwa mtu ambaye hana dalili nyingine, hayahitaji MRI. Kwa kawaida hupoa kwa dawa za maumivu na mwendo. Ila kipimo kifanyike bila kungoja ikiwa miguu inapoteza nguvu, ikiwa kuna ganzi katikati ya mapaja, ikiwa mgonjwa hazuii tena mkojo au haja kubwa, au ikiwa maumivu yanaambatana na homa na kukonda. Hiyo ya mwisho, katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, hufanya daktari afikirie TB ya uti wa mgongo, na huo ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge ukiwahiwa.

Kwa kiharusi, CT ya kichwa isiyo na dawa hutangulia kila kitu, kwa sababu mdomo uliopinda hausemi kama mshipa umeziba au umepasuka, na matibabu ya hayo mawili yanapingana. Ndiyo maana aspirini haitolewi nyumbani "ili kusaidia" kabla ya picha. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na saa huhesabiwa kuanzia hapo, siyo kuanzia mlipomkuta chini.

Kuhusu mionzi, CT ya kichwa ni takriban milisiveti 2, ya tumbo ni kati ya 8 na 10. Kwa kulinganisha, mtu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga tu. Hakuna sababu ya kukimbia kipimo kinachohitajika. Sababu ipo ya kutokirudia kwa uzembe, na tutafika huko kwenye habari ya CD.

Mashine zilipo

Ngazi za rufaa zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, kisha taifa na taasisi za ubingwa. Kilichobadilika ni wapi CT ilipo. Kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF mwaka 2021, ule wa UVIKO-19, serikali ilinunua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, ulizia mkoani kwako. Ushauri wa jirani aliyepimwa 2018 umepitwa na wakati.

MRI bado ni chache. Zipo Muhimbili na MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) jijini Dar es Salaam, Benjamin Mkapa Dodoma, Bugando Mwanza, na katika hospitali nyingine za kanda ambazo unapaswa kuulizia kwa simu kwanza. Hapo Dar es Salaam kuna mtego unaowanasa wageni kila wiki: "Muhimbili" ni mbili, Upanga na Mloganzila, na kutoka moja kwenda nyingine ni safari ya Barabara ya Morogoro na foleni yake. Halafu MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zimo ndani ya eneo la Upanga lakini kila moja ina mapokezi yake, faili lake na dirisha lake la malipo. Barua iliyoandikwa "Muhimbili" tu haitoshi. Mwombe daktari aandike jina kamili la hospitali na idara.

Fomu ya maombi: hapa ndipo siku nyingi hupotea

Mashine haipigi picha ya "mgonjwa". Hupiga picha ya sehemu fulani, kwa mpangilio fulani, ili kujibu swali fulani. Fomu isiposema, mtaalamu wa mionzi atakurudisha kwa daktari, au, mbaya zaidi, atapiga kwa kukisia. Hivi ndivyo fomu nyingi zinavyofika: "CT kichwa. Maumivu ya kichwa." Basi. Hakuna umri, hakuna muda, hakuna swali.

Fomu inayofanya kazi husema hivi, ingawa daktari ataiandika kwa Kiingereza chake: mwanamke, miaka 52, maumivu ya kichwa miezi 2, yanazidi alfajiri, wiki hii mkono wa kulia umelegea, ana kisukari, anatumia metformin, kreatinini maikromoli 84 kwa lita, tarehe imeandikwa, hana chuma mwilini, CT ya kichwa bila dawa kisha na dawa, je, kuna uvimbe au damu upande wa kushoto wa ubongo? Kwa maelezo hayo, mpiga picha anajua aanze wapi, na daktari bingwa wa radiolojia anayesoma picha anajua atazame wapi kwa makini.

Kabla hujatoka chumba cha daktari, soma fomu ukiwa umesimama palepale. Jina lilingane na kitambulisho na kadi ya bima herufi kwa herufi, kwa sababu "Mwanaidi" na "Mwanahidi" kwenye mfumo ni watu wawili. Sehemu ya mwili iandikwe, na kama ni goti, bega au nyonga, upande uandikwe kwa neno zima, kulia au kushoto. Mgongo una sehemu tatu, shingo, kifua na kiuno, na kila moja ni kipimo chake na bei yake; "MRI ya mgongo" haimwambii mtu chochote. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, tarehe ya hedhi ya mwisho iwepo. Mwisho, sahihi, jina la daktari na namba yake ya simu. Namba hiyo huokoa safari nzima pale fomu inapozua swali saa 9 alasiri.

Figo kwanza, dawa ya kontrasti baadaye

Vipimo vingi vya CT vya tumbo, kifua na mishipa huhitaji dawa ya kontrasti, yenye madini ya ayodini, mara nyingi mililita 80 hadi 100 kwa mtu mzima, inayosukumwa mshipani na mashine. Mwili huiondoa kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa dhaifu, inaweza kuzidisha udhaifu huo. Ndiyo maana kreatinini inatakiwa, na mgonjwa asiye nayo huondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo. Ipimeni hospitali ya wilaya, siku chache kabla. Ni kipimo cha damu cha kawaida na majibu hutoka siku hiyo. Kiwango cha uchujaji wa figo kikishuka chini ya 30, madaktari watajadili njia nyingine au tahadhari, na hapo ndipo metformin husimamishwa. Usiiache mwenyewe nyumbani kwa siku tatu "kwa usalama", sukari itapanda na utaletewa tatizo la pili.

Sema wazi kama uliwahi kupata vipele, kubanwa pumzi au kuzimia baada ya dawa hii, au kama una pumu. Mzio wa samaki na kamba, ambao watu hupenda kuutaja, hauna uzito wa pekee hapa. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni rangi ya kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaobaki mshipani. Wodini mgonjwa huwekwa ile ya bluu, namba 22, mgongoni mwa kiganja, kwa sababu ni nyepesi kuiweka. Kwa picha za mishipa, dawa husukumwa kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, na kanula hiyo haihimili. Dawa humwagika chini ya ngozi, mkono unavimba, picha inaharibika. Inatakiwa ya pinki, namba 20, au ya kijani, namba 18, iwekwe kwenye mkunjo wa kiwiko. Mwombe muuguzi aiweke kabla mgonjwa hajashushwa.

Pesa, bima na msamaha

Mwenye NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aende na kadi, kitambulisho na barua ya rufaa. Angalia uhai wa kadi siku mbili kabla, siyo dirishani: kwa mwajiriwa, mchango uliochelewa kupelekwa na mwajiri unaweza kukukwamisha ukiwa tayari umefunga kula. Uliza pia kama kipimo chako kinahitaji kibali cha Mfuko kwanza. Kama kinahitaji, kibali huombwa na hospitali, na ufuatiliaji ni wako. Kitita cha mafao kilibadilika na kuanza kutumika 1 Machi 2024, kwa hiyo bei na masharti ya kabla ya hapo yasahau.

Mwenye CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, anahudumiwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata rufaa. Huko ndiko CT ilipo sasa, na hii ni sababu nyingine ya kutorukia Dar es Salaam. Ulizia mapema kipimo chenyewe kimo kwenye mafao ya mkoa wako au la.

Anayelipa taslimu hupewa namba ya malipo ya serikali, ile inayoitwa kontroo namba, na kulipa kwa simu au benki. Hakuna malipo ya umma yanayopita mfukoni mwa mtu wala kwenye namba binafsi ya simu. Hakikisha risiti inataja kipimo kilekile kilicho kwenye fomu. Uliza kama dawa ya kontrasti na CD vimo ndani ya bei au vinalipiwa kando. Watu wengi huishiwa pesa kwenye hivyo viwili.

Asiyeweza kulipa apite kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kipimo. Aende na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kitambulisho na fomu ya daktari. Anaweza kupata msamaha wote, sehemu, au ruhusa ya kulipa kidogo kidogo. Ofisi hiyo hufuata saa za kazi, kwa hiyo kufika Ijumaa jioni ni kufika Jumatatu. Dharura ni habari nyingine: huduma hutangulia malipo, na dirisha likikwama, mtafute daktari wa zamu, usibishane na mhasibu.

Simu moja kabla ya safari

Piga simu idara ya radiolojia, asubuhi ya siku moja kabla. Usiulize "mashine ipo?" Utaambiwa ipo. Uliza kama inafanya kazi leo, kama kisukuma dawa kinafanya kazi, kama kontrasti ipo stoo, kama aina yako ya kipimo hufanyika hapo, na picha husomwa baada ya siku ngapi. CT inaweza kuwa nzima huku kisukuma dawa kikiwa kibovu, na hapo kipimo cha mishipa hakiwezekani ingawa kichwa cha kawaida kinaendelea. Sababu za kusimama ni zilezile: tyubu ya eksirei imechoka, kiyoyozi cha chumba kimekufa na mashine imejizima kwa joto, umeme umeyumba na betri za kuhimili zimechakaa. Kwa MRI ongeza heliamu ya kupoza sumaku. Tyubu na heliamu haviuzwi mjini, hivyo ukisikia mojawapo, omba rufaa ya kwingine siku hiyohiyo badala ya kungoja "wiki ijayo".

Angalia saa kwenye karatasi ya miadi. Mfumo wa kompyuta huchapa 09:00, na kuna wagonjwa wanaofika saa 9 alasiri wakiwa wamefunga tangu usiku. Hiyo 09:00 ni saa 3 asubuhi. Ukiambiwa usile kwa saa 4 na kipimo ni saa 4 asubuhi, chakula cha mwisho ni kabla ya saa 12 alfajiri. Maji mepesi kwa kawaida huruhusiwa, ila uliza. Na ujiandae kusubiri: wagonjwa wa dharura na wa wodini hutangulia, hata ukiwa namba moja.

Ndani ya chumba

Kwa CT, vua vyuma vilivyo karibu na sehemu inayopigwa. Shanga za kiunoni hutia mistari myeupe kwenye picha za nyonga na tumbo la chini, na mpiga picha mwenye aibu huweza asiulize. Mwambie mhudumu wa kike mapema, au zivuliwe nyumbani. Kontrasti ikiingia utasikia joto kifuani na hisia kama umejikojolea. Hujajikojolea, na hupita ndani ya dakika 1. Ukiambiwa shika pumzi, shika kweli, maana picha ya kifua ya mtu anayehema huwa na ukungu. Baada ya hapo kaa dakika 30 kanula ikiwa bado mkononi, kisha kunywa maji ya kutosha siku nzima.

MRI ina sheria kali zaidi kwa sababu sumaku haizimwi usiku wala Jumapili. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na kumgonga akiwa ndani ya mashine. Kwa hiyo kiti cha magurudumu cha wodini, mtungi, funguo, simu na sarafu vyote hubaki nje. Vivyo hivyo pini za mtandio, nywele za bandia zenye klipu, kucha za sumaku, na hirizi, ambayo mara nyingine huwa na kipande cha chuma ndani ya ngozi iliyoshonewa, ndugu aishike. Aliyefanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma aseme, kwani kipande kilichomo jichoni kinaweza kusogea. Mwenye betri ya moyo asikanyage mlango bila karatasi ya kifaa chake. Vyuma vya mfupa mara nyingi havizuii kipimo, ila mtaalamu ataamua akiona karatasi ya upasuaji. Kitanzi cha uzazi kwa kawaida hakina shida, kitaje tu.

Kelele zake ni kama mtu anayegonga bati kwa nyundo, kwa hiyo dai vizibo vya masikio. Mwenye hofu ya kubanwa afumbe macho kabla kitanda hakijaingia, siyo baada. Mtoto mdogo huhitaji dawa ya usingizi na miadi ya pekee: chakula kisimame saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2.

Picha, ripoti na CD

Aliyekupiga picha siyo anayeisoma. Ripoti huandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, na hospitali kadhaa za mikoa hutuma picha kwa mtandao zikasomwe kwingine, ndiyo sababu ya siku kadhaa. Uliza tarehe, na uliza itafika kwa nani. Ripoti huwa ya Kiingereza. Majibu yenyewe yako mwishoni, chini ya neno Impression. Usiogope kila neno lililo juu yake. Diski ya uti wa mgongo iliyotokeza kidogo, kwa mtu wa miaka 50, ni kitu cha kawaida hata kwa wasioumwa popote. Daktari aliyekuandikia kipimo ndiye wa kuunganisha picha na maumivu yako.

Dai CD yenye picha zote halisi za kipimo hicho, pamoja na vipande vyembamba, siyo filamu peke yake. Filamu iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp haimwezeshi bingwa kusoma chochote cha maana. Jaribu CD kwenye kompyuta ya hapohapo kabla ya kuondoka, uone jina lako na picha zikifunguka, kwa sababu diski tupu hugunduliwa Mwanza wakati mashine iko Dodoma. Hospitali nyingi hukataa flashi kwa kuogopa virusi, hivyo nunua CD mpya mbili njiani. Nyumbani, nakili folda nzima kwenye kompyuta au hifadhi ya mtandaoni bila kubadilisha majina ya mafaili; programu ya bure kama Weasis huyafungua.

Juu ya CD andika kwa kalamu ya wino wa kudumu jina, kipimo, tarehe na hospitali, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Siku ya kliniki ipeleke pamoja na ya zamani, ili daktari alinganishe badala ya kuandika kipimo kipya, kisha uondoke nazo zote mbili.